UZI: Mzazi ana sauti shuleni, ama ana mfuko tu?

1. Kila mara mjadala wa elimu ukipamba moto huku mtandaoni, kambi huwa mbili. Ya kwanza: "Wazazi wa siku hizi wamezembea, wamemwachia mwalimu kila kitu." Ya pili: "Serikali ilisema elimu ni bure, sasa mzazi anaitiwa nini?" Nimesoma historia ya hili jambo muhula mzima kwa ajili ya masomo yangu ya sayansi ya siasa, na naona kambi zote mbili zinaruka swali lenyewe. Ketini, huu uzi ni mrefu kidogo.

2. Kanuni ya hapa ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia jambo lenyewe. La leo ni nafasi ya mzazi katika misaada ya masomo inayolipiwa na pesa ya umma, yaani vitabu, mwalimu wa kuongezwa, programu za kusoma, na yale masomo ya ziada ya asubuhi yanayogeuka kuwa mchango. Nani anaamua? Nani analipa? Nani anakagua?

3. Nianze na nyumbani. Mama anauza mboga sokoni. Ndugu yangu mdogo yuko shule ya msingi ya umma, ya kutwa, na jina lake nitaliacha. Mwaka juzi alirudishwa nyumbani Jumanne moja kwa sababu hakuwa amelipa pesa ya masomo ya asubuhi, shilingi 500 kwa muhula. Mama akaenda kwenye mkutano wa wazazi akauliza mambo mawili tu: hii pesa ilipitishwa lini, na risiti iko wapi? Akajibiwa, "Mama Linet, keti tuendelee, wazazi walishakubaliana." Hakuna aliyemuunga mkono. Alilipa.

4. Hayo maneno mawili, "wazazi walishakubaliana", ndiyo yaliyonifanya nichimbe. Wazazi gani? Walikubaliana wapi? Na ni tangu lini mzazi wa Kenya akawa mtu wa kuambiwa alishakubali? Kumbe hadithi ni ndefu, na haikuanza hivyo. Ilianza na mzazi akiwa ndiye mwenye shule.

5. Turudi 1929. Baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana kati ya wamishonari na jamii katika eneo la Kati, wazazi wengi waliwaondoa watoto kwenye shule za misheni. Hawakukaa bure. Walijenga zao, chini ya vyama viwili: Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Education Association. Wazazi walitoa ardhi, wakachanga pesa, wakaajiri walimu, na wakaamua watoto wafundishwe nini. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri ili wasiwe wakiomba walimu kwa mtu.

6. Angalia vizuri hapo. Mzazi huyo alikuwa analipa, anaamua NA anakagua, yote matatu kwa pamoja. Serikali ya kikoloni haikupenda shule ambazo haikuzishika mkono, na hali ya hatari ilipotangazwa 1952, shule hizo zilifungwa. Githunguri pia. Somo la kwanza la historia hii: mzazi mwenye sauti shuleni ni jambo la siasa, si la "ushirikiano mwema" peke yake.

7. Uhuru ukaja 1963 na neno harambee likawa wimbo wa taifa lisilo rasmi. Serikali haikuwa na pesa ya kujenga shule za sekondari za kutosha, kwa hiyo wananchi walijenga. Mtu akileta mahindi, mwingine mawe, mwingine kuku wa kupigwa mnada. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za sekondari za harambee zilikuwa zimezipita kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Matumaini yalikuwa moja: tujenge kwanza, serikali itatuletea walimu.

8. Harambee ilisomesha wengi, tusiitukane. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Moja, eneo lenye kahawa au majani chai lilichanga zaidi kuliko eneo kame, kwa hiyo pengo likaongezeka. Mbili, mchango ukawa jukwaa. Anayetoa kitita kikubwa mbele ya watu ndiye anayepigiwa makofi, na mzazi aliyetoa shilingi kumi kila mwezi anakaa nyuma kabisa. Mpaka leo, ukiona pesa ya umma ikitolewa kwa bahasha na kipaza sauti, ujue mizizi yake iko hapo.

9. Sheria nayo ilienda upande mwingine. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka bodi za magavana katika shule za sekondari, na wanabodi waliteuliwa kutoka juu, kwa Waziri. Yaani wanakijiji walijenga shule kwa mikono yao, ikachukuliwa na serikali kama walivyoomba, halafu meza ya maamuzi ikapata watu wengine. Kulipa kulibaki kwa mzazi. Kuamua kukahama.

10. Mwaka 1974 karo iliondolewa kwa Darasa la 1 hadi la 4. Watoto wakamiminika: walioingia Darasa la 1 walipanda kutoka chini ya 400,000 hadi karibu milioni 1 kwa mwaka mmoja. Raha tupu, si ndiyo? Lakini shule hazikuwa na madarasa wala pesa ya kuziba karo iliyofutwa. Suluhisho likawa "mchango wa ujenzi", na sehemu nyingi mchango huo ulizidi karo yenyewe iliyokuwa imeondolewa. Wengi walioingia kwa shangwe walitoka kimya kimya.

11. Kumbukeni mtindo huo, maana utarudi: tangazo la bure linatoka juu, pengo linabaki chini, na mzazi anaitwa kuliziba kwa jina jipya. Karo, mchango, pesa ya motisha, pesa ya masomo ya ziada. Majina yanabadilika, mfuko ni ule ule.

12. Karibu mwaka 1980 zikaja PTA, vyama vya wazazi na walimu. Watu wengi hudhani zilianzishwa na sheria. Hapana. Zilitokana na agizo la rais, na Sheria ya Elimu ya wakati huo haikuzitambua. Hapa ndipo ninapoona fundo lenyewe. Mzazi alipewa chombo kisicho na meno. Hakingeweza kumsimamisha mtu wala kudai vitabu vya hesabu. Kilichoweza kufanya ni kukusanya pesa.

13. Na kazi ya kukusanya ilikuwepo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi waliambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi kimu. Mwaka 1988, Waraka wa Bunge nambari 6 ukaweka rasmi sera ya kugawana gharama: serikali inalipa walimu, mzazi anabeba karibu yote yaliyobaki. Miaka ya 1990 uandikishaji wa watoto shuleni ukashuka. Mzazi aliyeshindwa aliitwa mzembe.

14. Masomo ya ziada nayo yalinoga wakati huo. Mtihani mmoja wa KCPE uliamua mtoto anaenda sekondari gani, shule zilipangwa kwa nafasi magazetini, na mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo. Karo rasmi ilidhibitiwa na wizara, lakini pesa iliyopitishwa na mkutano wa PTA ilikuwa mlango wa nyuma. "Wazazi walishakubaliana" ilizaliwa kwenye mlango huo. Mkono ukiinuliwa mara moja kwenye mkutano wa watu wachache, shule nzima inalipa.

15. Januari 2003, elimu ya msingi bila malipo. Uandikishaji ukapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, ikaingia kwenye akaunti mbili za shule: 650 ya vifaa vya kufundishia, iliyoitwa SIMBA, na 370 ya matumizi ya jumla. Kamati za shule, ambamo wazazi wamo, zikapewa kazi ya kusimamia, na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.

16. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mzazi alipewa kitu cha kukagua. Lakini wengi walijitoa. Ukiambiwa kwa miaka 40 kwamba kazi yako shuleni ni kulipa, siku unapoambiwa usilipe tena unaelewa kwamba kazi yako imekwisha. Mimi siiti huo uzembe. Mtu alifundishwa jukumu moja tu, likaondolewa, na hakuna aliyemfundisha lingine.

17. Sasa sehemu ninayoipenda, kwa sababu ina ushahidi. Kuanzia 2005, watafiti walifanya jaribio katika shule za msingi za Magharibi mwa Kenya. Darasa la 1 lilikuwa limefurika, zaidi ya watoto 80 kwa mwalimu. Shule 140 zikapewa pesa ya kuajiri mwalimu mmoja wa mkataba, na aliyemwajiri alikuwa kamati ya shule yenye wazazi, kwa malipo ya karibu robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Nusu ya shule hizo, wazazi wakapewa kitu kimoja zaidi: mafunzo ya jinsi ya kumchagua na kumkagua huyo mwalimu.

18. Matokeo? Watoto waliofundishwa na mwalimu wa mkataba walifanya vizuri zaidi. Lakini pale ambapo wazazi hawakufunzwa, faida ilivuja: walimu wa kudumu walipunguza bidii, na nafasi za mkataba zikaenda kwa jamaa zao. Pale wazazi walipofunzwa, undugu ulipungua na faida kwa watoto ilidumu vizuri zaidi. Pesa ilikuwa ile ile na watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mzazi alijua kazi yake na alikuwa na nguvu ya kuifanya.

19. Msikimbilie kushangilia, kuna sehemu ya pili. Baadaye mpango wa walimu wa mkataba ulijaribiwa kwa upana zaidi nchini. Shule nyingine zilisimamiwa na shirika lisilo la serikali, nyingine na serikali yenyewe. Upande wa shirika, watoto walipanda. Upande wa serikali, hakukuwa na faida iliyoonekana. Kwa hiyo ukisikia jukwaani, "Tutaajiri walimu wa mkataba kila shule," uliza swali la pili: nani atawasimamia, na mzazi ataweza kusema nini wakikosa kuja?

20. Wengine walisema tatizo ni habari, mzazi hajui mtoto wake hajui kusoma. Kuanzia 2009, tathmini ya Uwezo ilikwenda nyumba kwa nyumba ikiwapima watoto mbele ya familia zao. Kwa miaka kadhaa matokeo yalisema takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la 3 waliweza kazi ya Darasa la 2. Mzazi alielezwa matokeo ya mtoto wake palepale, na kupewa mapendekezo ya la kufanya.

21. Wasomi watatu wa sayansi ya siasa wakafuatilia vijijini kuona kama wazazi waliopewa matokeo hayo walibadilika. Walichapisha 2014: hawakuona mabadiliko makubwa. Darasani tulibishana sana kuhusu huo utafiti. Mwenzangu mmoja akasema, "Si unaona? Wazazi hawajali." Mimi naisoma hivi: kumwambia mtu nyumba inavuja bila kumpa ngazi hakuzuii mvua. Mama alijua kabisa kwamba hakuna risiti. Kujua hakukumsaidia siku hiyo.

22. Sheria sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaunda Chama cha Wazazi katika kila shule ya umma, na kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama. Ikaweka wawakilishi wa wazazi kwenye Bodi ya Usimamizi. Agizo la 1980 likapata mrithi mwenye karatasi ya sheria.

23. Shikeni kifungu cha 29 cha sheria hiyo. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hakuna mtoto wa kukatazwa shule kwa sababu hakulipa hayo malipo. Na hakuna wa kukusanya bila kutoa risiti rasmi. Kifungu cha 37 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, adhabu ikiwa faini isiyozidi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

24. Yaani Chama cha Wazazi kinaweza kujadili na KUPENDEKEZA malipo. Kupendekeza si kuidhinisha. Kwa hiyo hata kama wazazi wote 600 wangeinua mikono yote miwili, kisheria hiyo bado ingekuwa nusu ya safari. "Wazazi walishakubaliana" haitoshi, na haijawahi kutosha tangu 2013.

25. Lakini soma tena orodha ya kazi za Chama cha Wazazi katika jedwali la sheria hiyo. Nyingi ni za kutafuta pesa ya majengo, kuwapa walimu na wanafunzi motisha, kupendekeza malipo, kusimamia miradi, kusaidia nidhamu. Kuhusu masomo yenyewe, je, mtoto anasoma, mwalimu wa ziada anakuja, vitabu vimefika, ni machache sana. Kivuli cha PTA ya 1980 bado kiko kwenye karatasi.

26. Mfano wa mbali, kwa kulinganisha tu. Marekani ilipitisha sheria ya elimu mwaka 1965 yenye sehemu iitwayo Title I, pesa ya serikali kuu ya kuwasaidia kimasomo watoto wa maeneo maskini. Miaka ya 1970 sheria ilidai mabaraza ya ushauri ya wazazi kwenye mpango huo. Mwaka 1981 sharti hilo likaondolewa. Baadaye wazazi wakarudishwa, na leo wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi. Hata huko, sauti ya mzazi inakuja na kuondoka kulingana na nani anaandika sheria. Ila wazo la kuitengea PESA ni la kufikiriwa. Sisi mafunzo ya wazazi huachiwa mfadhili.

27. Kwetu, tangu 2015 programu ya Tusome ilipeleka vitabu na mafunzo ya kusoma katika madarasa ya chini nchi nzima, kwa msaada wa wafadhili. Mwaka 2019 CBC ikaanza, na ushirikishaji wa wazazi ukaandikwa kama nguzo mojawapo. Uliza mzazi yeyote nguzo hiyo imefika kwake vipi. Atakwambia: chapisha picha hii, nunua manila, tafuta maboksi. Tena amekuwa mfuko, safari hii na mkasi mkononi.

28. Haki kwa walimu, maana najua mko hapa. Mgao wa serikali huchelewa. Walimu hawatoshi. Anayefika shuleni saa kumi na mbili asubuhi kumsaidia mtoto wa mtu anastahili kulipwa, na mwalimu mkuu anajaribu kuendesha shule kwa akaunti tupu. Silaumu mtu mmoja. Nasema pengo la serikali likizibwa kimya kimya na mzazi, serikali haioni pengo, na mtoto wa asiyeweza ndiye anayerudishwa nyumbani Jumanne.

29. Sasa rudini kwa zile kambi mbili. "Wazazi wamezembea" inasahau kwamba mzazi alinyang'anywa maamuzi hatua kwa hatua kuanzia 1952. "Elimu ni bure, mzazi asiitwe" inasahau kwamba pesa ya umma isiyokaguliwa na mzazi huvuja, na ushahidi wa Magharibi unaonyesha hivyo. Mzazi anafaa kuitwa, ila aitwe kukagua kwanza kabla ya kuitwa kulipa.

30. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani msimu ujao na ahadi ya elimu, muulizeni haya: Mgao utafika tarehe gani? Matumizi yatabandikwa wapi? Wazazi watafunzwa na nani, kwa pesa gani? Mzazi akiona mwalimu wa ziada haji, atamwambia nani na huyo atalazimika kufanya nini? Na wewe mzazi, kwenye mkutano ujao, omba kumbukumbu za mkutano uliopitisha malipo na barua ya idhini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali.

31. Nimalizie na Mama. Muhula uliofuata hakuenda peke yake, walikwenda wamama sita wa sokoni. Waliomba kumbukumbu wakaonyeshwa: mkutano uliopitisha zile 500 ulikuwa na wazazi 41, katika shule ya watoto zaidi ya 600. Barua ya idhini haikupatikana. Pesa haikufutwa, nisiwadanganye. Ilishuka hadi 300, risiti zikaanza kuandikwa, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani muhula huo. Kisheria bado haijakaa sawa, na wanaendelea kuuliza. Mama sasa anataka kugombea uwakilishi wa darasa.

32. Kwenu je? Shuleni kwa mtoto ama mdogo wako, mara ya mwisho wazazi walionyeshwa matumizi ya mgao wa serikali ni lini? Andika chini hapo, bila kutaja jina la shule wala la mtu. Nitakusanya majibu, na uzi unaofuata utakuwa juu ya basari: pesa ya nani, na kwa nini hutolewa kama zawadi.